Tumetosha

Saa nne na robo asubuhi, Inspekta Constance Asukulu alionyeshwa ukurasa uleule wa kompyuta kwa mara ya tatu.

"Angalia muzuri, Madame OPJ," alisema Placide, fundi wa mitambo, huku akigusa kioo kwa ncha ya kalamu. "Mashine ya Baraka, inatumika. Mashine ya Fizi-Centre, imezimwa tangu tarehe ine. Ombi ya tarehe kenda haiko Baraka. Na Centre haingeweza kufika. Mi nitakuambia nini tena?"

"Niambie jambo jipya."

"Jipya haliko."

Constance alitazama saa yake. Sheria inampa OPJ, ofisa wa polisi ya mahakama, saa arobaini na nane za kumshikilia mtu. Saa za muuguzi Gentille Mmunga zingekwisha saa tisa alasiri. Baada ya hapo Gentille angepakiwa kwenye gari la substitut, msaidizi wa mwendesha mashtaka, na kupelekwa Uvira kujibu shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Aliyemkamata alikuwa Constance mwenyewe.

Kesi ilikuwa imeonekana nyepesi. Vituo vya afya vya pwani huomba damu kwa tableti. Ombi hufika Baraka, katika ofisi ya Shirika la Damu ya Ziwa, na shirika hutuma boti yenye kasha la baridi. Tarehe tisa, Sifa Ebuela, mwanamke wa miaka ishirini na sita, alijifungua katika kituo kimoja cha Ubwari na damu haikukoma. Boti haikuja. Sifa alikufa saa kumi jioni. Gentille, aliyekuwa zamu, alidai alituma ombi asubuhi na tableti ikamjibu kwamba ombi limepokelewa. Shirika lilisema halikupokea kitu. Tableti haihifadhi majibu hayo. Yanafutika skrini ikifungwa.

"Kwa nini hukutuma tena?" Constance alikuwa amemuuliza juzi.

"Mashine ilisema imepokea," Gentille alijibu. "Muntu akikuambia ndiyo, utamuuliza tena?"

Jibu hilo lilikuwa limemsumbua Constance kwa siku mbili. Mwongo wa kawaida angesema alituma mara tatu.

Mratibu wa shirika, Bonaventure Wilondja, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuingia wala hakuondoka.

"Mama Constance, photo ya huu ukurasa iko ndani ya PV yako. Uliipiga weye mwenyewe. Sasa unatafuta nini?"

"Ninatafuta ombi."

"Ombi ambayo haikutumwaka? Utaitafuta mpaka Noeli." Alicheka peke yake. "Kama unapenda kutafuta, nenda ku frigo. Ule Murundi wetu eko na kaye yake mwenyewe. Hakuna muntu anaisomaka."

Constance alichukua faili lake lenye PV, hati ya maelezo ya kesi, na kutoka. Hakupenda kuelekezwa na mtu aliyetaka tu aondoke, lakini hakuwa na njia nyingine.

Ghala la baridi lilikuwa nyuma ya ofisi, upande wa ziwa. Claver Nshimirimana alikuwa akipanga mifuko ya barafu. Alikuwa ameingia nchini kutoka Burundi mwaka 2015, akalima kwa miaka mitatu karibu na kambi ya Lusenda, kisha shirika likamwajiri kulinda frigo. Kazi yake ilikuwa moja. Printa ikitoa karatasi ya ombi, anafunga kasha na kuita boti.

"Papa Claver, nani anaweza kufuta ombi kabla halijafika kwenye printa yako?"

"Madame, mi niko mukulima. Balinifundisha kufungua frigo na kufunga frigo. Kufuta, hawajanifundisha."

"Mratibu anasema una daftari lako binafsi."

"Kumbe anajua?" Claver aliweka chini mfuko wa barafu. "Miaka mbili nilimuomba kaye mupya. Aliniambiaka: Claver, weye unaandika nini?"

Alimletea daftari la shule lenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa nyavu. Kila siku ilikuwa na mstari wake, na kila ombi lilikuwa na alama moja ya wima kando ya jina la kituo. Constance aliketi juu ya kasha tupu akahesabu. Mwezi uliopita: tisa, kumi, nane, kumi. Tarehe mosi ya mwezi huu: tisa. Tarehe tatu: tano. Tarehe nne: tano. Tarehe tano: nne. Tarehe tisa: nne. Jana: tano.

"Hukuona kwamba yamepungua?"

"Niliona. Nikaenda kumuuliza Coordo, mratibu wetu. Akasema: bantu bakipona, weye unalalamika?"

"Ulimwandikia?"

"Madame, mukimbizi haandikiaki chef wake barua. Anauliza, anaitika, anarudi ku kazi."

Constance alihesabu tena, safari hii kwa ncha ya kalamu. Mtu anayefuta maombi huchagua. Hufuta ya adui yake, au ya kijiji fulani, au ya siku fulani. Hapa hapakuwa na uchaguzi. Makobola walikuwamo, Ubwari walikuwamo, Misisi walikuwamo. Kila kituo kilikuwa kimepoteza kiasi. Hakuna mwizi anayechukua kitu kimoja na kuacha kimoja kwa wiki mbili bila kuchoka. Mashine hufanya hivyo.

Na mashine zilikuwa mbili.

Alirudi kwenye chumba cha mitambo. Placide alikuwa anakula mihogo ya kukaanga juu ya kibodi.

"Maombi yanagawanywaje kati ya mashine mbili?"

"Na répartiteur." Placide alionyesha kwa kidole kisanduku cheusi ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Kwenye vitabu vya chuo Constance alikuwa amekiona kikiitwa kisawazisha mzigo. "Ombi ya kwanza, Baraka. Ya pili, Centre. Ya tatu, Baraka. Vile vile, ili moja isichoke."

"Na Centre iliharibika lini?"

"Tarehe tatu. Inapokea, lakini programu ya kupeleka huku ku frigo ilikufa. Tunangoja muntu wa Bukavu. Njo maana tuliizima."

"Inapokea. Kwa hiyo inamjibu mtumaji kwamba imepokea?"

"Ingemujibu, ndiyo. Lakini iko imezimwa! Ukurasa unasema."

"Ukurasa huu ni wa nini?"

"Wa seva ya programu. Njo yenye kuongoza zote."

"Na répartiteur inausoma ukurasa huu?"

Placide aliacha kutafuna. Kipande cha muhogo kilibaki mkononi.

"Hapana," alisema. "Inasoma faili yake."

"Faili hiyo inatoka wapi?"

"Ukishabadilisha kitu ku seva, unatosha faili, unaiweka ndani ya clé USB, unaifungulia kabati, unaipa répartiteur. Bila ile, répartiteur inaendelea na mambo ya zamani."

"Unaifanya nini faili?"

"Naitosha."

Constance alifungua jalada la kesi. Ukurasa wa saba ulikuwa nakala ya kaye ya kazi ya mafundi. Tarehe nne ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza, kwa mkono wa Placide: *Centre haipeleki. Kutosha.* Wa pili, kwa mkono wa mwenzake aitwaye Vainqueur: *Centre tumetosha.*

"Mimi nilielewa kwamba huko Centre mnatosha," alisema polepole. "Kwamba vifaa vipo vya kutosha. Niliandika kwenye PV: mashine ya Fizi-Centre haikuwa na upungufu."

Placide aliweka chini kipande cha muhogo. Kisha akacheka hadi akashika meza.

"Yo! Mama! Hii si Kiswahili ya Nyarugusu! Kutosha ni kutoa! Unatosha viatu. Unatosha jino. Polisi banakutosha ku nyumba!"

Constance hakucheka. Alizaliwa Fizi, lakini alivushwa ziwa akiwa na miaka mitano. Shule yote aliisomea kambini Nyarugusu, kwa walimu wa Tanzania, na chuo akakisomea Kigoma. Alirudi akiwa na miaka ishirini na minne. Neno hilo alilisikia sokoni kila siku na masikio yake yalilielewa vizuri. Kwenye karatasi, macho yake yalisoma Kiswahili cha darasani. Alikuwa ameingiza sentensi ya uongo katika hati ya sheria, kisha akaisaini kila ukurasa.

"Vizuri," alisema. "Mlitoa. Mlitoa nini? Mashine au faili?"

Placide aliacha kucheka.

"Vainqueur njo aliandika. Alitosha yote."

"Mpigie."

Vainqueur alikuwa Misisi, akitengeneza redio ya mawasiliano ya mfanyabiashara wa dhahabu. Simu iliita mara nne kabla hajapokea. Constance aliiweka mezani kwa sauti ya juu.

"Vainqueur, hapa Inspekta Asukulu. Tarehe nne, ulitoa nini?"

"Mashine, Madame! Nilienda ku ukurasa, nikazima Centre. Ikatoka."

"Na faili?"

"Faili ni ya Placide. Yeye njo eko na ufunguo ya kabati."

"Weye!" Placide aliinamia simu. "Uliandika tumetosha! Tu! Sisi wote! Mi nikaona kazi imeisha!"

"Ile *tu* ni heshima, bwana! Nitaandika *nimetosha* kama muntu wa kujivuna?"

"Heshima gani ya kuua bantu?"

Placide alijivuta nyuma kutoka kwenye simu, kana kwamba sentensi hiyo ilisemwa na mtu mwingine.

Bonaventure aliingia chumbani kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Haya ni maneno ya simu," alisema. "Ukurasa ni document officiel. Na sitakubali mufungue mashine ya Centre. Ile inahitaji barua ya Bukavu."

"Sijaomba kuifungua." Constance alitoa hati ya amri aliyoipata jana kwa substitut. "Hii inaniruhusu kusoma mipangilio iliyo katika ofisi hii. Seva itatuandikia mipangilio yake ya leo kwenye faili. Tutailinganisha na faili ambayo répartiteur inaisoma. Hatutagusa kitu kingine. Zikifanana, nitaondoka na nitakuomba radhi."

"Na zisipofanana?"

"Basi utaniandikia barua ya Bukavu wewe mwenyewe."

Ilikuwa saa tano na nusu. Constance alidhani kazi hiyo ingechukua dakika kumi.

Placide alibofya kitufe cha kutoa faili kwenye ukurasa. Duara dogo lilianza kuzunguka. Lilizunguka kwa dakika kumi na mbili. Kisha ukurasa wote ukawa mweupe.

"Inafanyaka vile," alisema Placide.

"Kuna njia nyingine?"

"Iko amri ya kuandika. Vainqueur njo anaijuaka."

Walifungua dirisha jeusi la amri. Dirisha likaomba neno la siri. Placide hakulijua. Walimpigia Vainqueur, mtandao wa Misisi ulikuwa umekatika. Walijaribu tena, na tena. Saa sita na dakika ishirini alipokea na kulitaja herufi kwa herufi: M, W, A, Z, A, kisha sifuri na nne. Placide aliandika. Seva ilikataa. Aliandika tena, kwa vidole viwili, akitamka kila herufi. Seva ilikataa tena.

"Ya tatu ikikataa, inajifunga saa moja," alisema, akaondoa mikono juu ya kibodi kana kwamba ilikuwa ya moto.

Constance aliinama. Kibodi ilikuwa mpya, bado ina kipande cha nailoni pembeni. Safu ya juu ya herufi ilianza na Q.

"Hii mliinunua lini?"

"Wiki iliyopita. Ya zamani ilinyweshwa chai."

"Ya zamani ilianza na herufi gani?"

"A. Ilikuwa ya Kifaransa."

"Na seva mliijulisha kwamba kibodi imebadilika?"

Placide alijipiga kofi kwenye paji la uso. Seva bado iliamini kwamba ina kibodi ya Kifaransa. Ukibonyeza palipoandikwa A, yenyewe inaandika Q. Kwa hiyo Constance alimsomea mahali pa vidole badala ya herufi: pale pa nukta-mkato, pale pa Z, pale pa Q, pale pa W, pale pa Q. Namba alimwambia azibonyeze pamoja na kitufe cha herufi kubwa. Seva ikafunguka.

"Mama, ungekuwa fundi," alisema Placide.

"Ningekuwa na mshahara. Andika amri."

Amri yenyewe ilikuwa ndefu, yenye vistari kati ya maneno. Placide aliipata katika kitabu cha maelekezo cha Kifaransa, akainakili kwa mahali pa vidole: *export-http-lb-config*, halafu jina la mgawo wa maombi, halafu jina la faili. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu dirisha lilijibu kwamba amri imefaulu.

Faili haikuwepo.

Walitafuta mezani, kwenye clé, kwenye folda zote za kompyuta hiyo. Seva ilisisitiza kwamba imefaulu. Bonaventure aliketi kwenye kiti cha plastiki, akakunja mikono.

"Munaona? Hata faili hamuna."

"Imefaulu," alisema Constance. "Haidanganyi. Imeandika mahali ambapo sisi hatupo." Alivuta kitabu cha maelekezo akasoma ukurasa mzima, mstari kwa mstari, akiwa amesimama. Karibu na mwisho kulikuwa na maneno madogo. Usipoiambia seva ikuletee faili, inaiandika na kubaki nayo ndani, kwenye folda yake. "Haya. Iambie ituletee."

Placide aliongeza maneno mawili. Faili ikaja. Ilikuwa saa saba na nusu.

Placide alifungua kabati la chuma, akatoa faili ya répartiteur kwa clé nyingine, akaziweka zote mbili kwenye kioo, bega kwa bega. Zilikuwa fupi. Constance alisoma ya kushoto kwanza, iliyotolewa sasa hivi. Mashine ya Baraka: imewashwa. Mashine ya Centre: imezimwa. Akasoma ya kulia, ile ambayo répartiteur ilikuwa inaitii wakati huohuo. Baraka: imewashwa. Centre: imewashwa. Faili ya kulia ilikuwa ya mwezi wa pili. Tangu mwezi wa pili hakuna mtu aliyeigusa.

Nje, boti ilikuwa inawashwa injini na kuzimika.

"Kwa hiyo nusu," alisema Placide. "Nusu yote inaenda Centre. Inasema ndiyo. Halafu inalala nayo."

"Inaenda," Constance alirudia. "Si ilienda. Nakili faili mpya kwenye répartiteur sasa hivi. Kwanza hilo. Mratibu, unaifungua Centre au niandike kwamba ulikataa?"

Bonaventure alikuwa amesogea hadi kwenye kioo. Alizisoma faili zote mbili mwenyewe, midomo ikitembea. Constance alikuwa ametamani, kwa siku mbili, kuona uso wa mtu mwenye hatia. Aliona uso wa mtu aliyeamini ukurasa.

"Ifungueni," alisema Bonaventure. "Mi sitangoja Bukavu."

Placide aliiweka faili mpya, kisha akafungua kumbukumbu ya Centre: ilikuwa na maombi sitini na moja yaliyokwama. Baadhi ya vituo vilikuwa vimeona boti inachelewa vikatuma tena, na ombi la pili likaangukia Baraka. Vingine viliamini jibu la kwanza. Placide alishuka na orodha hadi tarehe tisa. Mstari ulikuwa pale: Ubwari, mama aliyejifungua, damu aina ya O, chupa mbili, haraka. Mtumaji: G. Mmunga. Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Limepokelewa.

Mwishoni mwa orodha kulikuwa na maombi mawili ya leo, moja la Makobola na moja la Ubwari. Constance aliyanakili kwa mkono, akakimbia nayo hadi ghalani. Claver aliyasoma, akaanza kufunga makasha bila kuuliza kitu.

Saa nane na dakika thelathini na tano Constance alifika ofisi ya polisi, shati limemganda mgongoni, akiwa na karatasi kumi na moja zilizosainiwa na Placide na Bonaventure. Gari la substitut lilikuwa limeshageuzwa kuelekea barabara ya Uvira. Substitut Déogratias alizisoma karatasi akiwa ameegemea mlango wa gari. Alisoma haraka, na alisoma zote.

"Bien. Hii imekwisha. Muachilieni, kwa kukosa ushahidi." Alijaza fomu juu ya boneti. "Asaini hapa, na mi niende. Barabara iko mubaya."

Gentille aliletwa. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, bado amevaa blauzi ya kazi, na nywele zilizofungwa kwa kitambaa cha bandeji. Alichukua fomu akaisoma kutoka juu hadi chini. Kisha akairudisha.

"Kukosa ushahidi ni nini?"

"Ni kusema uko huru, mama," alisema substitut.

"Hapana. Ni kusema mulitafuta, hamukupata."

"Ni kitu kimoja."

"Kwako ni kimoja. Mi nakaa Ubwari. Mama wa Sifa, mulango wake na mulango wangu zinatazamana. Asubuhi akifagia, ananiona. Nikienda na hii, atasema: hawakupata, maana alificha muzuri." Alielekeza kidole kwenye fomu bila kuigusa. "Andika nilituma."

"Fomu haina nafasi ya maneno hayo."

"Basi siisaini."

"Usiposaini, kwa sheria ungali mikononi mwangu. Unapanda gari."

"Nitapanda." Gentille alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaketi, akaweka mikono magotini. "Huko Uvira labda iko fomu kubwa."

Dereva alicheka, akajifanya anakohoa. Substitut alimgeukia Constance.

"Zungumza naye. Weye ni mwanamuke."

Constance alitazama saa. Ilikuwa saa tisa kasoro kumi. Hakuzungumza na Gentille. Aliingia ofisini, akachukua karatasi safi ya PV na kaboni ya nakala, akarudi nazo, akaziweka kwenye boneti kando ya fomu. Aliandika akiwa amesimama. Déogratias alisoma juu ya bega lake.

"Ngoja," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo sentensi ya mwisho haihitajiki. Unajishitaki mwenyewe. Watakuita Uvira weye."

"Bila hiyo, PV ya kwanza na hii zinapingana, na hakuna atakayejua ipi aamini."

"Andika kosa ya kiufundi. Mashine haina mutoto wa kulisha."

Constance aliendelea kuandika. Alipomaliza alisaini, akaisoma kwa sauti, ili Gentille aisikie kutoka ndani ya gari.

"Tarehe tisa, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, muuguzi Gentille Mmunga alituma ombi la damu. Ombi lilipokelewa na mashine ya Fizi-Centre, ambayo ilipaswa kuwa imeondolewa na haikuondolewa. Muuguzi hana kosa. Mimi, Constance Asukulu, niliandika katika hati yangu ya kwanza kwamba mashine hiyo haikuwa na upungufu. Nilisoma vibaya neno moja katika kaye ya mafundi. Sikuuliza."

Gentille alishuka. Alisaini PV, kisha fomu. Substitut alisaini PV naye, kwa herufi ndogo kuliko kawaida yake, akapanda gari bila kuaga. Vumbi lilipotulia, walibaki wawili uwanjani.

Constance alimpa nakala ya kaboni. "Hii ni yako. Utawasomea nyumbani."

Gentille hakuipokea.

"Mi? Nilishawaambia nilituma. Nilisema mbele ya maiti, nilisema mbele ya wajomba, nilisema mbele yako." Aliinama akaondoa mchanga kwenye kandambili yake. "Mi sitaisoma. Ni weye uliandika. Utaisoma weye, mbele ya mama yake Sifa, na atakuuliza ni neno gani, na utamwambia."

"Lini?"

"Anafagia asubuhi."

Constance aliitazama karatasi mkononi mwake. Chini ya saini tatu palikuwa tupu. Karatasi isiyo na muhuri haisomwi mbele ya watu. Alirudi ndani kuutafuta.